Mstari wa Kila Asubuhi

Shemeji yangu ni mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango wa nyumba yetu, na kwa sababu hiyo mafundi ujenzi wote wa mjini humwita Mita Mbili. Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Kwa miaka thelathini na mitatu amefanya kazi ya ofisi moja, chini ya jina moja. Ukimwuliza mtu yeyote anayejenga nyumba hapa atakwambia anamfahamu, lakini ukimwuliza anamfahamu kwa lipi, atafikiri kidogo, kisha aseme, "Si yule mrefu anayekunja ramani?"

Mimi pia nilimfahamu kwa hilo tu. Naandika habari zake kwa kuwa nilichelewa kumjua, na mtu aliyesoma akichelewa kujua jambo lililo mbele ya macho yake hana pa kujitetea.

Mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi. Ofisi aliifungua sisi tukiwa bado vijana, akaandika jina la ukoo wetu kwenye kioo cha juu ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyeusi zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini. Chumba cha mbele kina kaunta na benchi la wateja. Chumba cha nyuma ni cha mashine, nayo ni printa kubwa ya ramani, ndefu kama kitanda cha mtu mzima, imesimama kwenye miguu yenye magurudumu. Upande mmoja inameza karatasi kutoka kwenye roli, upande wa pili inaitoa ikiwa imebeba nyumba nzima: msingi, kuta, madirisha, hadi bomba la choo.

Printa hiyo ilinunuliwa miaka kumi na mitatu iliyopita, kutoka kwa wasanifu waliokuwa wakifunga ofisi yao. Ilikuwa imeshatumika, lakini mume wangu aliileta kama mtu anayeleta bibi harusi. Alikuwa ameifunika shuka jeupe kutoka kitandani kwetu, bila kuniomba, na wapagazi wanne waliingia nayo polepole huku yeye akitembea kinyumenyume mbele yao akisema, "Taratibu, jamani, taratibu, huyu ni mgeni." Tangu siku hiyo akapata msemo wake. Kila mteja aliyekuja aliambiwa, "Kipimo kikitoka kwenye mlango huu hakipungui hata unywele." Alipofariki, watu watatu waliosimama kumwelezea makaburini walirudia maneno hayo hayo, na mimi nilikaa wima kwenye kiti changu na kuyasikia kama mtu anayekabidhiwa funguo.

Miaka mitano imepita. Upimaji wenyewe uliisha na mwenye nao, lakini uchapaji uliendelea. Wasanifu na wahandisi huleta michoro kwenye flashi, Shemeji huichapa, hukata kingo, hukunja, hupanga seti. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na nilipostaafu nikaanza kukaa kaunta kila asubuhi. Wengine walidhani nilikwenda pale kwa upweke. La hasha. Nilikwenda kulinda jina.

Huyu Shemeji aliletwa ofisini akiwa na miaka ishirini na mitano. Shule ilikuwa imemshinda, au tuseme walimu wake walishindwa kumvumilia, maana alikuwa na kigugumizi, na enzi hizo mwanafunzi aliyechelewa kujibu alihesabiwa kuwa hajui. Kaka yake akampa kazi ya kushika tepu porini. Asiyejua upimaji anaweza kudhani kwamba watu wawili wakishika tepu wanafanya kazi moja. Hapana. Mmoja hushika upande wa namba, anasoma, anaandika, anatia sahihi. Mwingine hushika upande wa sifuri. Kazi yake ni kuibana sifuri juu ya alama, hata kama amepiga magoti kwenye siafu, na kutosogea mpaka aambiwe. Shemeji alishika sifuri kwa miaka ishirini. Aliporudi ofisini kigugumizi kilikuwa kimekwisha, lakini desturi ya kunyamaza ilibaki. Hakuoa. Kila akiulizwa husema bado anapima.

Basi Jumatatu moja alikuwa akichapa michoro ya zahanati. Mhandisi wa zahanati hiyo, mteja wetu wa siku nyingi, alihitaji seti sita ifikapo Jumatatu iliyofuata, la sivyo angepeleka kazi kwingine, nasi tulijua kwamba akishakwenda kwingine harudi. Nikiwa kaunta nikasikia mlio kama kijiko kilichokwama kwenye mashine ya kusagia, kisha kimya. Nilipoingia nikamkuta Shemeji amesimama mikono imening'inia. Kwenye karatasi, chumba cha kujifungulia cha ile zahanati kilikuwa kimepakwa weusi mtupu.

Jioni nikampigia simu binti yangu, daktari wa meno, anaishi mji mwingine.

"Mama, mashine hiyo imekula chumvi nyingi," akasema. "Iacheni ipumzike. Siku hizi watu wanaangalia ramani kwenye simu."

"Fundi uashi hajengi kwa simu. Ikimtumbukia kwenye zege je?"

"Basi atanunua nyingine. Mama, nakuuliza kwa heshima: unatengeneza printa au unamtengeneza Baba?"

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Lakini swali lenyewe lilikuwa palepale. Printa mpya hatungeiweza. Ya kwetu ikitupwa, chumba kingekwenda kwa jirani yetu muuza makava ya simu, ambaye kila mwezi huja kuchungulia dari kana kwamba ameshahamia. Jina juu ya mlango lingepakwa rangi. Na Shemeji, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, asiyejua kazi nyingine duniani, angekwenda wapi? Kwa hiyo nilikwisha kata shauri moyoni kwamba tutaitengeneza, na nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayenisihi zaidi.

Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye benchi la wateja, magoti yamemfika kifuani.

"Namwita fundi leo," nikamwambia.

"Tuiache, Shemeji."

"Tuiache vipi?"

"Imefanya kazi yake. Tuiuze kama chuma chakavu. Wale wa vyuma hawafungui kitu, wanabeba tu."

"Na michoro ya zahanati?"

"Mhandisi apeleke kwingine."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na wewe?"

"Mimi nitarudi kijijini. Mtu mrefu hakosi kazi, nitachuma maembe bila ngazi."

Alijaribu kucheka. Mimi sikucheka. Niliona mtu aliyechoka kazi ya ndugu yake na sasa anatafuta mlango wa kutokea, nami nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hunichoma. Nikamwambia, "Kaka yako angekuwa hai usingethubutu. Jina hili limekulisha miaka yote hii, na siku ya kwanza linapokuhitaji unalitupa kwa wauza vyuma."

Alinitazama, akapepesa macho mara mbili, akainuka kwenda kufagia vipande vya karatasi. Sakafu ilikuwa safi.

Fundi wa mashine za ofisi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Hufunga leso kichwani, na juu ya leso hufunga tochi, ndiyo maana huitwa Fundi Tochi. Alifika Jumatano na begi la bisibisi, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba Shemeji alikuwa amesimama kati yake na mashine.

"Shikamoo, Baba. Nipishe basi."

"Marahaba. Ni mkanda tu, mwanangu. Mkanda umekatika. Huna haja ya kufungua huko nyuma."

"Baba, mgonjwa akija hospitali daktari haambiwi pa kuangalia."

"Huyu mgonjwa ni wangu."

"Makubwa! Basi keti umshike mkono, mimi nimpasue."

Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Shemeji, mpishe fundi." Akampisha. Akaenda kusimama dirishani akatupa mgongo.

Fundi Tochi alifungua kifuniko cha mbele, akatoa mkanda. Kweli ulikuwa umeng'oka meno. "Huu si tatizo, ninao," akasema. Kisha akazunguka nyuma, akalala chali sakafuni, akawasha tochi. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kitu kidogo kama punje ya harage kwenye kiganja.

"Mama, hili ni jicho la mashine. Hutazama karatasi inavyopita, ili mashine ijue imeisogeza kiasi gani. Hili limekufa."

"Limekufa Jumatatu?"

"Jumatatu? Tazama gundi hii, imekuwa kama kaa la moto lililopoa. Jicho hili lilikufa zamani, mtu akaligandisha lisionekane limelegea. Mliinunua imetumika, siyo?"

"Mume wangu aliichagua mwenyewe."

"Basi samahani, Mama. Mliuziwa kipofu."

Nikamwambia kwa adabu kwamba haiwezekani, kwamba kwa miaka kumi na mitatu hakuna mhandisi hata mmoja aliyerudi kulalamika, kwamba kipimo kikitoka kwenye mlango huu hakipungui hata unywele.

"Ndiyo maana nashangaa," akasema, akikuna leso. "Mashine kipofu hupunguza urefu. Leo milimita tatu kwa kila mita, kesho nne. Roli likibadilishwa inabadilika, joto likipanda inabadilika. Hii ingekuwa imeshawaumbua zamani."

Hesabu ni hesabu, hata moyo ukikataa. Kiwanja cha mita mia, kwa kipimo cha moja kwa mia, huchorwa kwenye mita moja ya karatasi. Milimita tatu zikipungua kwenye karatasi, ni sentimita thelathini za ardhi, nafasi inayowatosha majirani wawili kushitakiana mpaka wazeeke.

"Labda hapa kuna mtu anayeipimia," Fundi Tochi akaendelea, sasa akiongea polepole. "Mtu akijua leo imepungua tatu, kabla ya kuchapa anaingia kwenye kompyuta, anaiongezea urefu tatu. Lakini ingebidi apime kila siku. Kila siku ya Mungu." Akageuza kichwa, na mwanga wa tochi ukaenda pamoja naye mpaka ukatua kwenye mgongo mrefu wa Shemeji. "Baba, ni wewe?"

"Mimi nakunja tu," akasema Shemeji bila kugeuka.

Hapo nikakumbuka vile vipande vya karatasi.

Kila asubuhi, tangu sijui lini, Shemeji huniletea kaunta kipande kirefu chembamba cha karatasi ya ramani, kimekunjwa vizuri. "Chukua, Shemeji, uandikie mahitaji ya nyumbani." Upande mmoja kuna mstari, upande wa pili ni mweupe. Nami huvipeleka nyumbani, na huko nimeandika vitunguu, chumvi, sabuni, viberiti, miaka nenda miaka rudi. Wakati fulani nilimkemea. Nilimwambia karatasi haioti kama nyasi, na kwamba mtu anayechapa mstari mmoja mtupu kila asubuhi kujifurahisha anachezea mali ya marehemu. Alisema, "Samahani, Shemeji." Kesho yake akaniletea kingine.

Nyumba yetu iko mtaa wa pili. Nilikwenda bila kuaga, nikafungua droo ya jikoni. Vilikuwamo vingi. Vingine nimeshavikata kwa mkasi, vingine bado vizima. Nikachukua kimoja kizima nikakitandaza sakafuni, kisha nikaenda nyuma ya mlango wa chumba changu kuitoa rula ya ubaoni, ile ya mbao ya mita moja ambayo wanafunzi wangu wa mwisho walinipa siku nilipostaafu. Nikapiga magoti. Kwa umri wangu kupiga magoti si jambo la kufanya bila sababu.

Mstari ulikuwa na alama ndogo kila mwisho. Nikaibana sifuri kwenye alama ya kwanza. Alama ya pili haikufika mwisho wa rula. Ilipungua milimita tatu. Pembeni, kwa penseli, mahali ambapo siku zote nilidhani pana uchafu, paliandikwa: 3.

Nikachukua kingine. Kilipungua nne. Pembeni: 4. Kingine, mbili na nusu. Pembeni aliandika hivyo hivyo, mbili na nusu, kwa mwandiko wa mtu ambaye walimu walisema hajui. Upande wa pili wa kile cha mbili na nusu kulikuwa na mwandiko wangu mimi, mwalimu wa hesabu: nyanya, majani ya chai, dawa ya mende.

Nikakikunja hicho cha mwisho, nikainuka kwa kushikilia ukingo wa meza.

Niliporudi ofisini Fundi Tochi alikuwa ametoka kwenda kula. Shemeji alikuwa peke yake, anapangusa kioo cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi. Nikaweka kile kipande cha karatasi juu ya kaunta, upande wa mstari.

"Tangu lini?"

Alikitazama kwanza, kama mtu aliyekutana na mtu anayemjua mahali asipomtarajia. "Wiki ya kwanza," akasema. "Nilipima mchoro wa kwanza, nikaona umepungua. Nikadhani rula yangu mbovu. Nikapima kwa rula tatu."

"Hukumwambia kaka yako."

"Shemeji, ulimwona siku ile? Na shuka?"

"Nilimwona. Shuka lilikuwa langu."

"Alikuwa ameshawaambia watu wote. Ameshasema yale maneno ya unywele. Nikamwona anaishika mashine hivi, kama mtu anayemshika ng'ombe wake shingoni. Ningemwambia nini? Nikasema, acha nipime leo. Kesho nikasema, acha nipime na leo. Ikawa hivyo."

"Miaka kumi na mitatu."

"Ni dakika kumi tu kwa asubuhi. Kushika sifuri porini kulikuwa kugumu zaidi. Kule kulikuwa na siafu."

"Na jana uliposema tuiuze?"

Alikunja kitambaa alichokuwa akipangusia, pembe kwa pembe. "Nilijua fundi akifungua atalikuta lile jicho. Akilikuta atasema. Mji mzima utajua kwamba Mpimaji aliuziwa kipofu. Wale wa vyuma wangeiponda tu, basi."

"Nawe ungerudi kijijini mikono mitupu."

"Si kuna maembe."

"Na mimi nilikwambia umelitupa jina."

"Ulikuwa na hasira."

"Nilikosea," nikasema. Neno hilo halinitoki kwa urahisi. Wanafunzi wangu walikuwa wakilisubiri muhula mzima.

Shemeji aliinua kichwa. "Hebu sema tena, nikaandike tarehe."

"Usinichokoze."

"Si kwa ubaya. Kaka angeniuliza ilikuwa siku gani."

Tukacheka, kisha mimi nikashindwa kuendelea kucheka, nikageukia rafu ya karatasi kana kwamba nahesabu maroli. Alikuwa na adabu ya kutonifuata. Aliniletea maji kwenye kikombe, akaweka karibu na mkono wangu, akaenda zake mlangoni.

Sasa palikuwa na shauri la kukata upya, maana lile la kwanza nililikata nikiwa sijui kitu. Mashine ilikuwa kipofu tangu ilipoingia. Ningeweza kuiacha iende, na siri ingekwenda nayo, na jina lingebaki safi kama yeye alivyotaka, lakini lingebaki safi juu ya mlango wa muuza makava. Nilipolifikiria hivyo nikaona upuuzi wake. Jina nililokuja kulilinda kila asubuhi nikiwa nimevaa saa na viatu vya kufunga, lilikuwa likitengenezwa upya kila asubuhi chumba cha nyuma, hatua chache kutoka kwangu, na mtu aliyeinamisha mgongo wake juu ya rula.

Fundi Tochi aliporudi nikamwuliza kama jicho lingine linapatikana.

"Ninalo, la mashine iliyokufa, lakini jicho lenyewe zima. Naweka jicho, naweka mkanda, nasafisha vichwa vya wino. Ijumaa inaona."

"Weka vyote."

Shemeji akakohoa. "Mwanangu, kuhusu hilo jicho..."

"Baba," akasema Fundi Tochi, akijifunga tena leso, "mimi naingia ofisi za watu, nafungua mashine, nakuta barua zilizokwama humo ambazo hata wake zao hawajazisoma. Ningekuwa na domo ningekuwa nauza mboga. Nipe bisibisi hiyo ya bapa."

Siku mbili alilala chini ya ile mashine, na siku mbili Shemeji alikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake akimpitishia vifaa. Hakuongea sana, lakini nilimsikia akimweleza kwamba roli jipya hunyonya unyevu, kwamba asubuhi za mvua hupungua zaidi, kwamba mashine hii haipendi kuamshwa ghafla. Fundi akasema, "Baba, hukuoa kwa sababu ulikuwa umeshaoa hii." Shemeji akamwambia hii angalau haimwulizi alikuwa wapi.

Ijumaa kabla ya saa sita mashine ikawashwa. Ikanguruma, ikapeleka kichwa cha wino huku na huku, ikatulia.

"Chapa mstari, Baba. Mita moja kamili," akasema Fundi Tochi.

Shemeji akakaa kwenye kompyuta, vidole vyake virefu vikacheza kidogo tu. Karatasi ikatoka. Kisu kikakata. Akaitandaza mezani, akachukua rula yake ya chuma, akaibana sifuri juu ya alama kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nimemwona akifanya mara elfu bila kuona. Akainama. Akakaa ameinama.

"Imezidi," akasema.

"Imezidi kitu gani? Haiwezi kuzidi!" Fundi Tochi akaruka. "Nimelipima hilo jicho mara mbili!"

"Imezidi milimita tatu."

Tukatazamana sote watatu. Kisha Fundi Tochi akasogea kwenye kompyuta, akasoma, akaanza kucheka mpaka tochi ikamshuka puani. "Baba! Umeiongezea tatu!"

Shemeji akatazama mikono yake. "Sikujua," akasema. "Mkono umeandika wenyewe."

Alikaa kwenye kigoda taratibu, nami nikaona kwamba hacheki. Akachapa tena, bila kuongeza kitu, na mstari ukatoka mita moja, haupungui, hauzidi. Akaupima mara tatu. Fundi Tochi akakusanya vifaa vyake, akapokea haki yake, akaondoka akiimba. Shemeji akabaki na ile mistari miwili mbele yake, ule uliozidi na ule wa kweli.

"Basi inaona," akasema. "Asubuhi nitakuwa na dakika kumi za bure."

"Asubuhi utachapa mstari kama kawaida."

"Mashine inajipima yenyewe sasa, Shemeji."

"Ijipime. Jicho la kwanza nalo lilikuwa likiona siku moja, na wenyewe walilala wakaliamini. Utachapa, utapima, utaandika namba pembeni. Ukikuta sifuri, andika sifuri."

Alifikiri. "Sifuri naijua," akasema, na uso wake ukafunguka.

Akanisogezea ule mstari uliozidi. "Chukua basi, uandikie vitunguu."

"Huu hauandikiwi vitunguu," nikasema, nikaukunja nikauweka kwenye mkoba wangu. Upo humo hadi leo.

Jumatatu Mhandisi alikuja kuchukua zahanati yake. Seti sita zilikuwa zimechapwa, na Shemeji alikuwa kwenye meza ya kando anakunja ya mwisho. Ukunjaji wake ni wa kusifiwa, kila kona inalala juu ya kona ya chini yake, na jina la mradi linatokea juu bila kupinda. Mhandisi akafungua seti moja kaunta, akatoa rula yake ya skeli mfukoni, akapima ukuta wa nje, akairudisha rula.

"Kama kawaida," akasema. "Mama, mimi huwaambia vijana wa ofisini kwangu: vipimo vya marehemu havijawahi kuniangusha. Mungu amrehemu."

Kwa miaka mitano maneno kama hayo niliyapokea kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mwenye haki ya kuyapokea. Nilitazama jina letu, ambalo ukiwa ndani ya ofisi huonekana kinyume kupitia kioo cha juu ya mlango. Sikuwa na nia ya kumsema mume wangu mbele ya mgeni, wala sitafanya hivyo. Lakini hesabu ikikosewa husahihishwa kwenye mstari ule ule ilipokosewa, mbele ya darasa.

"Amina," nikasema. "Marehemu alipima ardhi, na aliipima vizuri. Lakini karatasi hizi, Mhandisi, miaka yote kumi na mitatu, kila asubuhi, amezipima mdogo wake. Ulichokuwa ukikisifu ni cha huyu hapa."

Mhandisi akageuka akamtazama Mita Mbili kwa mara ya kwanza. Namaanisha alimtazama usoni, jambo linalohitaji kuinua shingo. "Kumbe!" akasema. Akanyoosha mkono. "Basi asante, Mzee. Asante sana."

Shemeji akaupokea mkono ule kwa mikono miwili. "Shemeji naye," akanung'unika, "mtu akifunga domo lake hapati homa." Akarudi haraka mezani kwake, akainamia kazi yake akitupa mgongo.

Alipoileta seti ya sita, niliipokea kumkabidhi Mhandisi, na nikaona kitu ambacho sikupata kukiona tangu nimjue. Alikuwa amekunja mchoro upande, jina la mradi limepinda.